UZI: Maneno ya gereji na viwandani yaliyohamia midomoni mwetu. Leteni ya kwenu

Mtoto wa Korogwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ukimtajia "korona" mzee aliyekulia kwenye mkonge, hawazi barakoa wala kunawa mikono. Anawaza mashine. Enzi za Mjerumani uliletwa mtambo wa kuchakata mkonge wenye jina la Corona. Jani linaingia bichi upande huu, linapondwa, linakwanguliwa nyama yote, linatokea upande wa pili likiwa singa tupu, yaani nyuzi. Katika jani zima singa ni kama asilimia 4 hivi, iliyobaki ni taka na maji yanayowasha ngozi. Basi jina la mashine likameza jengo zima la kiwanda. Mwaka 2020 redio zilipoanza kutangaza "korona imeingia nchini", huku kwetu kuna watu lazima waliuliza imefungwa shamba gani.

Nimefungua uzi kwa sababu nimechoka kuambiwa Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Kinayo tele, ila mengi hayakutungwa ofisini. Yametoka kwa watu walioshika mashine, au waliosagwa nayo, kisha yakatoroka kiwandani yakaenda kuishi kwingine na maana nyingine kabisa.

Nianze na matatu ya kazi, kabla hatujafika kwenye nati na spana.

KIBARUA. Ni barua ndogo tu, hakuna zaidi. Unguja ya karne ya 19 mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba leo kafanya kazi, akakitumia kudai ujira. Jina la kikaratasi likamhamia mwenye kukishika, akawa yeye ndiye kibarua. Halafu likamvuka hata yeye, likawa kazi yenyewe: "nina kibarua cha kupaka rangi." Na ukifukuzwa, kibarua kimeota nyasi. Karatasi, mtu, kazi, nyasi. Hebu nionyesheni neno la ofisini lililosafiri hivyo.

MANAMBA. Mkonge uliingia 1893 na Dk. Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 230,000 kwa mwaka. Miche haikujipanda yenyewe. Watu walitolewa Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Ukifika unapewa namba. Wewe si fulani bin fulani tena, wewe ni namba. Ndio manamba. Huku kwetu hadi leo ukimwita mtu manamba umemtukana.

KIPANDE. Kadi yenye vyumba 30. Kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa, chumba kimoja kinatiwa alama, na mshahara ni mpaka vyumba 30 vijae. Ukiumwa, ukichoka, mvua ikinyesha, kipande kinakungoja. Mwezi wa mkonge ungeweza kuwa na siku 45.

Leteni ya kwenu. Ile "mashine" nyingine wote tunaijua, tuiruke.

Chuma Ulete

Nimekuja mbio kwa ajili ya hiyo uliyoiruka 😂 Basi nakaa na kahawa yangu nisome.

Fundi Kijiko

Nakazia.

Na hilo "nakazia" lenyewe mnaona limetoka wapi? Mtu kafunga nati, mwenzake anakuja na spana anaongeza robo mzunguko. Humu jukwaani kila siku mnakaziana hoja bila kujua mko gereji. Halafu kuna "kupiga spana", yaani kumshambulia mtu kwa maneno hadi akose pa kushika. "Leta nondo", yaani hoja nzito za kusimamisha ukuta. Mtu asiye na nondo anajenga kwa fito.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito, barabara na migodi. Jina langu limetokana na kijiko, lile dude la kuchimba mtaro. Dude la mamilioni, lakini sisi tumeliona linachota, tukaliita kijiko. Katapila tulilichukua kwa jina la kampuni. Greda tulilipokea kama lilivyo, ila kazi yake tukaipa neno letu: greda "linachonga" barabara. Mashine ya leith nayo inachonga chuma, mwenye kinyago anachonga, mwenye funguo anachonga, na wewe ukiongea sana kijiweni tunakwambia acha kuchonga. Dili pia linachongwa. Sijui kama kuna kitenzi chenye kazi nyingi kuliko hicho.

Ninachokiona kazini ni barabara ya njia mbili. Sisi mafundi tunaipa mashine mwili wa mtu: gia ina meno, injini ina kichwa, gari linakohoa, linakula oili, linakunywa mafuta, limekufa. Mtaani wao wanampa mtu mwili wa mashine: kakata moto (amefariki), kanoki (amechoka kabisa), fyuzi imeungua, nati zimelegea (mwehu), hana breki mdomoni, afungwe spidi gavana. Na mwanasiasa anatema cheche, hiyo ni grinda.

Wateja wengine huwa wanachanganya zote mbili. Aliniletea mtu lori akasema, "Fundi, mzee kakata moto njiani." Nikampa pole ya msiba.

Chuma Ulete

Ngoja kwanza. Nati zikilegea wewe ni mwehu. Vyuma vikikaza umefilisika. Sasa mtu akae wapi?

Fundi Kijiko

Akae kwenye toki sahihi, mkuu. Kila bolti ina kipimo chake cha kukazwa. Mtu anayekaza kwa hasira anamaliza meno ya bolti, na bolti iliyoisha meno haikazi wala hailegei, inazunguka tu.

Mzee wa Kamusi

Uzi una hoja nzuri lakini mnachanganya mambo mawili. "Nati zimelegea", "kanoki", "vyuma vimekaza" ni misimu, yaani maneno ya mtaani ya kupita. Misimu huzuka na kupotea, ndiyo tabia yake. Miaka ishirini ijayo hakuna atakayeielewa. Neno likishaingia kwenye maandishi na kufundishwa ndipo tuseme limehama maana.

Mfano ulio imara ni "kupigwa msasa". Kila gazeti lina kichwa cha habari "Madiwani wapigwa msasa". Asili yake ni mti. Msasa una majani makavu yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja. Jina la jani likahamia kwenye karatasi, kisha likahamia kwenye semina. Hilo limekubalika. Vivyo hivyo "kuchakata": lilikuwa la mkonge na mihogo, leo tunachakata taarifa.

Na kwa vijana wanaouliza kwa nini tunasema "chuma cha pua": pua hapa si ya usoni. Kamusi zinalitaja kama neno la chuma kigumu kilichokomazwa. Watu wa pwani walikuwa pia na "feleji", hasa kwa panga nzuri.

Mtoto wa Korogwe

Mzee wangu, shikamoo. Kibarua kilikuwa msimu siku ya kwanza. Kipande kilikuwa msimu. Hakuna aliyekaa kikao cha kuyapitisha. Mimi nasema neno linaishi kwa sababu linauma au linachekesha, kamusi inakuja baadaye kulisajili.

Mzee wa Kamusi

Marahaba. Kwa kila kibarua kimoja kuna mia yaliyokufa ambayo hatuyajui, kwa kuwa hayakuandikwa. Huo ndio upande usiouona.

Wa Kamukunji

Nawasalimu kutoka Nairobi. Naona Wabongo mmejitengea haya maneno, hebu tuwape ya huku.

Manamba kwetu si mtu wa shamba. Manamba ni yule wa matatu, anayeita abiria akining'inia mlangoni. Siku hizi wengi watamwita makanga au donda, lakini manamba bado yupo. Nimeshangaa kusoma kwamba Tanga ni tusi la mkonge. Hapa ni kazi ya watu na wanailipia karo.

Kipande kwetu ni kitambulisho cha taifa. "Umebeba kipande?" Chimbuko ni kile cha mkoloni, sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza, ambapo mwanamume Mwafrika alivaa kikaratasi chake shingoni ndani ya kijibati cha chuma. Mwajiri alikuwa anaandika humo. Ukiacha kazi bila yeye kutia sahihi, wewe ni mtoro. Kwa hivyo kipande chenu kilihesabu siku, chetu kilimhesabu mtu mwenyewe.

Sasa STIMA. Wazee walisema stima wakimaanisha meli ya mvuke. Leo Kenya stima ni umeme. "Stima zimepotea" ni giza, si meli. Hata jengo kuu la kampuni ya umeme linaitwa Stima Plaza. Nikiwa Dar nilisema "hapa hakuna stima" mwenye gesti akanitazama kama nimeomba bangi.

Chuma Ulete

Maana huku "stimu" ni ya kileo mkuu 😂 "Usinikatie stimu" ni usiniharibie raha. Mwenye gesti hakukosea sana.

Wa Kamukunji

Na TINGA. Tingatinga ni trekta, neno limetokana na mlio wake, kama pikipiki. Chama cha NDP cha Raila Odinga kilikuwa na alama ya trekta miaka ya tisini, basi yeye mwenyewe akawa Tinga. Chama kilivunjwa kitambo, alama ikaenda, jina likabaki kwake hadi mwisho.

Fundi Kijiko

Sisi tingatinga wetu alikuwa Magufuli, tangu akiwa Waziri wa Ujenzi. Tofauti ni kwamba kwetu tingatinga ni lile la kusukuma kifusi, si trekta la kulimia. Kwa hiyo jina moja: kwenu linalima, kwetu linabomoa. Na wachoraji wa Tingatinga hawamo kabisa kwenye hesabu hii, hilo ni jina la ukoo la marehemu Edward Saidi Tingatinga. Kuna mgeni niliwahi kumsikia akieleza watalii kwamba picha zile zinaitwa hivyo kwa sababu zinachorwa haraka kama mashine. Nikanyamaza, alikuwa ameshalipwa.

Bi Mkunazini

Hamjambo wanangu. Nimesoma yote, mwanangu wa Korogwe umefanya vyema, lakini bara mnasahau kwamba mashine nyingi zilipitia hapa kwetu Unguja kwanza.

Mtambo. Nyinyi mkisema mtambo mnawaza kitu kikubwa chenye moshi. Kwa wazee wetu mtambo ulikuwa kitu kinachofyatuka. Kufuli lina mtambo, saa ina mtambo, bunduki ina mtambo, hata mtego wa panya. Ulikuwa mdogo wa kukaa kiganjani. Sijui ulikula nini huko njiani ukanenepa hadi ukawa wa kuzalisha umeme.

Kinu. Kinu ni cha kutwangia, kila nyumba inacho. Lakini palikuwa pia na kinu cha kukamulia ufuta, kikubwa, ngamia kafungwa macho anazunguka kutwa kucha na mafuta yanachuruzika chini. Unguja na Lamu vilikuwapo. Kisha ikaja mashine ya kusaga, nayo ikaitwa kinu. Juzi nasikiliza redio wanasema "kinu cha nyuklia". Mjukuu wangu akaniuliza bibi wanatwanga nini humo. Nikamwambia wanatwanga kitu kidogo sana kisichoonekana.

Kiwanda. Hili ndilo mlilolipoteza kabisa. Kiwanda kwa asili ni mahali, uwanja, pale fundi anapokaa na kazi yake. Mhunzi ana kiwanda chake chini ya mwembe. Msuka mikeka ana kiwanda chake barazani. Kiwanda na kiwanja ni ndugu wa damu. Hakikuhitaji bomba la moshi.

Na bomba lenyewe, hilo ni la Mreno. Lilikuwa pampu ya kunyonyea maji ndani ya jahazi. Hesabuni wenyewe limefika wapi.

Mtoto wa Korogwe

Shikamoo bibi. Acha nihesabu: pampu ya chombo, halafu mrija wowote, halafu mfereji wa maji ("maji ya bomba"), bomba la moshi, bomba la sindano, bomba la kupulizia dawa mgongoni mwa mkulima wa pamba, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443. Halafu ghafla, bila kuaga, "mambo bomba"! Yaani mazuri. Kila nikijaribu kuunganisha sindano na furaha nashindwa.

Bi Mkunazini

Marahaba mwanangu. Ungeishi kwenye nyumba ya kuteka maji kisimani usingeshindwa. Siku bomba lilipofika kwenu ndipo ungejua mambo bomba ni mambo gani.

Chuma Ulete

Bibi kapiga spana 🔧

Dada wa Cherehani

Nimesubiri mtu ataje kiwanda. Asante bibi, shikamoo.

Mnakumbuka enzi za "Tanzania ya viwanda" waziri mwenye dhamana aliposema mtu mwenye vyerehani vinne ana kiwanda? Nchi nzima ilicheka. Vikatungwa vichekesho, kila fundi wa nguo mtaani akawa anasalimiwa "mwekezaji". Mimi nina vyerehani vitano na overloki moja, kwa hiyo kwa hesabu ile nilikuwa na kiwanda na kichele juu.

Lakini nikaitafuta sera. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003 inasema wazi: kuanzia mtu 1 mpaka 4, mtaji usiozidi milioni 5, ni kiwanda kidogo sana. Watu 5 mpaka 49 ni kidogo. Waziri alikuwa anasoma karatasi. Na kwa maelezo ya bibi hapo juu, alikuwa hata karibu zaidi na Kiswahili cha wazee kuliko sisi tuliocheka.

Kwa nini basi tulicheka? Kwa sababu kichwani mwetu kiwanda ni vile vikubwa vya nguo. Ni Urafiki. Ni Mwatex, ni Mutex, ni Kilitex. Ni ving'ora alfajiri na zamu tatu, maelfu ya watu wanatoka getini. Kizazi kizima kilijifunza maana ya neno hilo kwa king'ora. Halafu vingi vikafa au vikageuzwa maghala, neno likabaki na ukubwa wake bila jengo. Mtu akija kukwambia lile neno kubwa ni wewe na dada zako watatu chini ya bati, unahisi unapunjwa. Si suala la sarufi.

Na cherehani chenyewe kina jamaa yake, cherehe, lile jiwe la kunolea visu linalozunguka. Asili ni Kiajemi, charkh, gurudumu. Ndiyo maana nasema sisi washonaji tuko kwenye mashine kabla ya gereji zenu.

Fundi Kijiko

Dada hapo umesema. Karakana pia ni ya huko huko Uajemi, ilipitia India. Gereji ndiyo mgeni.

Kocha wa Mchangani

Mmesahau michezo, na magazeti ya michezo ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu haya maneno (au kuyaokoa, mtajua wenyewe).

Kiungo ni injini ya timu. Mshambuliaji asiyechoka ni mashine. Jezi mpya ni "uzi mpya", na wewe mleta mada umeleta uzi mwingine ambao hauvaliki. Kocha "anainoa" timu fulani. Sasa hapo kwenye kunoa ndipo palipo na balaa. Kunoa ni kutia makali. Lakini mtaani "umenoa" maana yake umekosea, umeshindwa, umetoka kapa. Kwa hiyo gazeti likiandika kocha fulani "amenoa" na jana yake kafungwa tatu bila, msomaji achague mwenyewe. Mimi nimewahi kuandikwa hivyo kwenye ubao wa matangazo wa mtaa na sikujua niwashukuru au nigombe.

Mzee wa Kamusi

Hii ya kunoa ni nzuri. Nimejaribu kutafuta daraja kati ya maana mbili. Pengine ni kwamba anayenoa kisu bila kukata anasugua tu, kazi haionekani. Lakini siweki rehani.

Mtu wa Sheli

Mimi nauza mafuta, kwa hiyo nianze na jina langu: sheli. Kituo chochote cha mafuta Tanzania ni sheli, hata kikiwa na nembo ya kampuni nyingine yenye hasira.

Ila nimekuja kwa ajili ya neno moja ambalo lilizaliwa mikononi mwetu, na sisi wauza mafuta hatulipendi: KUCHAKACHUA.

Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na dizeli, kwa makusudi, kwa sababu ni mafuta ya mtu wa kijijini wa koroboi na chemli. Basi wajanja wakawa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, wanauza kwa bei ya dizeli. Tofauti ya kodi inaingia mfukoni. Gari nalo linakwenda, ndiyo shida yake, linakwenda kwa siku kadhaa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, kwa hiyo pampu na nozeli zinalika taratibu. Unakuja kugundua umeshafika Mikumi. Huko kuchanganya ndiko kuliitwa kuchakachua.

Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, ili sampuli ikichukuliwa kituoni ijulikane kama yamechanganywa. Mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo iishe. Mchezo ulipungua kweli. Bili wakalipa wenye koroboi, ambao hawajawahi kuchakachua chochote.

Ila 2010 huo huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Neno lilikuwa moto midomoni kwa sababu ya mafuta, Oktoba ikafika, mtu mmoja sijui nani akasema kura zimechakachuliwa. Basi. Halikurudi sheli tena. Leo asali inachakachuliwa, vyeti vinachakachuliwa, hata mchuzi wa mgahawani. Nililisikia bungeni, nililisikia msikitini, na mtoto wangu ananiambia mwalimu kachakachua maksi zake.

Na angalieni lilivyo sahihi kwa kazi ya kura. Hawakutosheka kusema kura "zimeibwa". Kuiba ni kuondoa kitu. Kuchakachua ni kitu kipo palepale, ujazo uleule, rangi ileile, lakini si chenyewe.

Mtoto wa Korogwe

Mkuu, hii ndiyo nondo niliyokuwa naisubiri. Na ndiyo jibu langu kwa mzee: hapa tunajua mwaka, tunajua kodi, tunajua mpaka pampu iliyokufa. Msimu huu haujafa tangu 2010.

Mzee wa Kamusi

Sikukataa kwamba mengine huishi. Hilo litaishi, nakubaliana na Mtu wa Sheli kwamba linajaza pengo ambalo "kughushi" na "kuiba" hayakulijaza. Lakini "vyuma vimekaza" nitawapeni miaka kumi.

Chuma Ulete

Mzee, usiiguse vyuma vimekaza, hiyo ni mali ya taifa.

Enzi ya awamu ya tano, ya Magufuli, mwanzoni. Posho za semina zikafyekwa, fedha za mashirika ya umma zikaamriwa zihamie Benki Kuu, safari za nje zikafutwa, ghafla hata muuza chipsi analalamika. Hatukusema "uchumi umedorora", hilo ni la wachumi. Tulisema vyuma vimekaza. Ukimwomba mtu elfu tano: "vyuma vimekaza mkuu." Anayekupa kidogo: "hii ni grisi tu." Msemo ulikuwa salama pia, maana hukumtaja mtu yeyote. Unalaumu vyuma. Nani atakukamata kwa kulaumu vyuma?

Na kabla ya hapo, 2015, "kubadili gia angani", Lowassa alipotoka CCM akahamia upinzani, CHADEMA, na kupewa ugombea wa urais.

Wa Kamukunji

Samahani, ndege ina gia ya kubadilisha?

Chuma Ulete

Haina. Ina magurudumu ya kutua tu. Wakosoaji walishikilia hapohapo, kwamba ukijaribu kubadili kitu kisichokuwepo huko juu utaanguka. Wenyewe waliutumia kwa sifa, kwamba ni ujasiri. Msemo mmoja, kambi mbili, maana mbili, wote wanashangilia.

Fundi Kijiko

Bora hao kuliko wanaodandia treni kwa mbele. Huyo hata gia haimhusu.

Dada wa Cherehani

Wa Kamukunji, na jua kali? Umetaja kila kitu ukaacha jina la nyumbani kwako.

Wa Kamukunji

Nilikuwa nailinda 😅 Mafundi wa bati na vyuma wa Kamukunji walifanya kazi nje, bila paa, juani. Ndio jua kali. Miaka ya themanini Moi alipowatembelea wakajengewa mabanda, kwa hivyo wakapata kivuli lakini jina halikubadilika. Sasa ni jina la sekta nzima kwenye takwimu za serikali, hata mtu anayefanya programu za simu kwenye chumba chenye feni ataambiwa yuko jua kali.

Lakini lina sura mbili. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, jiko la makaa, toroli, vyote ni jua kali na tunajivunia. Halafu daktari akishona vibaya, au fundi akirukia waya, tunasema "hiyo ni kazi ya jua kali". Wanangu mnaosema neno linaishi kwa sababu linauma, hapa wanaouma na wanaoumwa ni watu walewale. Mimi hutengeneza masufuria. Mteja akija ananiambia nataka ya jua kali kwa sababu ni nzito, haipindi. Akiondoka anamwambia mwenzake simu yake ni ya jua kali.

Mtoto wa Korogwe

Huku ukisema jua kali watu wanatafuta mwavuli. Tuna "fundi maiko" kwa yule anayeharibu.

Fundi Kijiko

Fundi maiko ana uzi wake humu, kurasa nyingi tu, tusimwite huku.

Swali kwa Wa Kamukunji kabla sijarudi saiti: kwenu kijiko mnakiitaje? Kuna opareta Mkenya kaja kwenye mradi wetu, nikamwambia "leta kijiko", kaenda jikoni.

Wa Kamukunji

Mwambie "excavator" tu, ataelewa. Au mwambie tinga, ila atakuletea la kulimia.